Suruali Iliyopunguzwa Mara Mbili

Mimi ni fundi cherehani wa Kirumba, Mwanza, si mbali na uwanja wa mpira. Nashona suti, sare za kwaya na kombati za walinzi, na tangu mitumba ijae mjini, riziki yangu kubwa ni kupunguza suruali za watu. Mtu ananunua suruali ya Mzungu mnene, mimi naifanya imfae Msukuma mwembamba.

Mwaka 2017, kati ya Agosti na Oktoba, suruali yangu mwenyewe ya kijivu niliipunguza kiuno mara mbili. Kazi yangu, uzi wangu, sikumlipa mtu, basi sikuona hasara. Nilifurahi. Nilikuwa na kitambi cha miaka mingi, mke wangu alishanisema hadi akachoka, na kila inchi iliyopotea niliihesabu ni ushindi. Kumbe maji nilikuwa nakunywa kama ng'ombe aliyefika lambo, na usiku naamka mara nne, mara tano. Asubuhi sisimizi wamejipanga pale nilipokojolea uani. Hilo la sisimizi marehemu bibi yangu angelijua maana yake siku ya kwanza. Mimi nilimwaga dawa ya wadudu.

Halafu uzi ukaanza kukataa kuingia kwenye tundu la sindano. Nikanunua miwani ya kutembezwa mkononi, ile unayojaribu hapo hapo barabarani, ikanisaidia. Mwishowe ikaja siku ya ndala. Mteja alisimama mlangoni akaniambia, "Fundi, ndala yako iko huku nje." Nilitazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa unakanyaga pedali pekupeku, na sikujua tangu saa ngapi. Pedali ya chuma ya cherehani la kizamani ina meno, mtu mzima anayahisi. Mimi sikuhisi kitu.

Pale zahanati walinitoboa kidole kupima sukari, mashine ikasoma 21.4, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Nesi akaniuliza kama nimekunywa soda. Nikasema sijala tangu jana usiku. Akanyamaza kidogo, akaniandikia barua ya kwenda kliniki ya kisukari, na huko nikaanzishiwa metformini ya miligramu 500, asubuhi na jioni baada ya chakula, pamoja na glibenklamidi kidonge kimoja asubuhi.

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. La kwangu lilisikia dawa zote, na tatizo likawa hilo. Kibanda cha fundi ni kijiwe. Anayesubiri suruali hana kazi nyingine ila kuongea, na habari ya kwamba fundi ana sukari ilisambaa kabla sijamaliza dozi ya kwanza. Mmoja aliniletea majani ya mlonge. Mwingine akasema nichemshe mwarobaini ninywe glasi asubuhi. Mama wa kwaya alileta habasoda, jirani yake akaleta majani ya mpera, kijana wa bodaboda akaapa kwa mdalasini. Wapo waliokumbushia mwaka 2011, foleni ya magari kwenda Samunge kule Loliondo kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500, wakaanza kubishana wao kwa wao nani alipona na nani hakupona, hadi nikawaomba wapunguze sauti nisikie mashine.

Sikuwadharau, na hata leo siwadharau. Watu wale walileta walichonacho. Kidonge hukijui kimetengenezwa wapi; mlonge uko nyuma ya nyumba.

Kilichonipata kilitoka kwenye kopo. Desemba ile lilipita gari lenye kipaza sauti likitangaza unga wa mimea unaomaliza sukari kwa siku 21. Kopo shilingi 35,000. Nilipunguziwa hadi 30,000 nikajiona mjanja. Unga wa kahawia, harufu ya majani makavu, hakuna namba ya usajili, hakuna jina la mmea, ila picha ya mtu anayekimbia. Nikaanza kuunywa kijiko asubuhi na kijiko jioni, na vidonge vyangu naendelea navyo, maana niliona dawa mbili ni bora kuliko moja.

Siku ya tano, kama saa tano asubuhi, nilikuwa nakata kitambaa cha suti ya bwana harusi. Rangi ya samawati iliyokolea, mita tatu na nusu, cha mwenyewe si changu. Mkono ukaanza kutetemeka. Jasho likanitoka kichwani likadondokea kwenye kitambaa, na nakumbuka nilikasirika, nikadhani kibanda kinavuja. Mkasi ukaenda pale usipotakiwa kwenda. Dada wa kibanda cha pili, anayeshona magauni, alinikuta nimekaa chini nikiongea maneno yasiyoeleweka. Mungu ambariki: mama yake alikuwa na sukari pia, hakuniuliza swali, alinifungulia soda na kunishikia chupa mdomoni. Bodaboda ikanifikisha zahanati. Mashine ikasoma 2.9, na hapo nilikuwa nimeshakunywa nusu chupa.

Kitambaa nililipa. Lakini angalia akili ya binadamu ilivyo. Mtu mwingine angesema, kopo hili ni hatari. Mimi nilisema, kopo hili lina nguvu! Kama limeshusha sukari mpaka huku chini, vidonge vya nini? Nikaacha vidonge. Januari nikanunua kopo la pili, nikawa nakunywa hilo peke yake.

Kopo la pili halikufanya kitu. Sikujua, kwa kuwa sikuwa napima. Nilijisikia vizuri, na mwenye sukari kujisikia vizuri si kipimo, kama vile suruali kuonekana sawa mezani si kusema itaingia kiunoni. Machi 2018 mke wangu aliniuliza kitu gani kinanuka. Tukatafuta panya aliyekufa chini ya kabati. Harufu ilitoka kwenye soksi yangu. Pini ya kichwa, ile tunayobania kitambaa, ilikuwa imezama pembeni ya kidole kidogo cha mguu wa kulia. Ilikaa humo kwa siku nisizozijua, na nyama ilikuwa imeoza.

Nililazwa siku 16. Kidole kile kilibaki huko.

Wodini ndiko nilikofundishwa jambo ambalo limekaa nami zaidi ya yote. Alikuwa daktari kijana, bado yuko mafunzoni, macho mekundu kwa kukesha. Nilimlalamikia kwamba hawa wazungu na vidonge vyao vya kemikali, ndiyo maana sisi tunakimbilia mimea. Hakunigombeza. Alivuta kiti akasema, "Mzee, hicho kidonge ulichokikimbia kina asili ya mmea."

Akanieleza. Kuna mmea wa Ulaya uitwao galega, una maua ya zambarau, na tangu zamani wenyeji walimpa mtu anayekojoa sana. Mwaka 1918 ikajulikana kwamba guanidini, kemikali ya ukoo mmoja na iliyomo ndani ya mmea ule, inashusha sukari ya wanyama. Lakini mmea wenyewe ni sumu, kondoo wanaoula wanakufa. Walipojaribu kuwapa watu ile kemikali yake wakaona inaumiza, wakaendelea kutafuta ndugu zake walio wapole, hadi daktari Mfaransa, Jean Sterne, alipotangaza mwaka 1957 kwamba amewatibu wagonjwa kwa metformini. Marekani ilianza kuuzwa mwaka 1995. Karibu miaka 40 baadaye!

Nililala na maneno hayo. Mimi nimezaliwa Magu, nimechuma pamba. Najua pamba si shati. Kati ya pamba na shati kuna kuchambua, kusokota, kufuma, kupima, kukata. Mtu akikuletea gunia la pamba akasema vaa, hii ndiyo shati lenyewe katika uasili wake, utamcheka. Mimi nilivaa gunia.

Na lile kopo la kwanza? Daktari alisema hawezi kuapa bila kulipima maabara, nami nilikuwa nimeshalitupa. Ila alisema nchi mbalimbali zimewahi kukamata dawa za asili za kisukari ambazo ndani yake watu wamesagia vidonge vya glibenklamidi, ili mnunuzi aone matokeo haraka. Glibenklamidi inakamua kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, umekula hujala. Ukimeza ya kliniki na huku unakunywa nyingine usiyoijua, unakwenda chini. Hilo kwangu limebaki dhana. Mita tatu na nusu za kitambaa cha samawati nilizolipa hazikuwa dhana.

Nilipotoka wodini nilianza maisha ya daftari. Fundi bila daftari la vipimo si fundi; nina madaftari ya tangu 1994, kiuno na nyonga za nusu ya Kirumba zimo humo. Binti yangu alininunulia mashine ya kupimia sukari. Stripu zake ni ghali, kwa hiyo sikuzichezea. Nilijiwekea utaratibu: siku mbili kwa wiki, napima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, na chakula nabadilisha kimoja tu. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Namba nitakazotaja ni za mwili wangu, wako una fundi wake.

Nilianza na ugali wa sembe, mlima kama tulivyozoea, na sato wa nazi. Kabla 7.2, baada 15.1. Nikarudia wiki iliyofuata nikidhani nimekosea. 14.6. Nikahamia dona, ugali ule ule kwa ukubwa: 13.4. Watu wanadhani dona ni ruhusa ya kula mlima. Mlima ni mlima. Nilipopunguza ugali ukawa kama ngumi yangu, mboga ya majani ikachukua nusu ya sahani, na samaki akabaki palepale, ikasoma 9.3. Sikuamini, nikapiga kelele hadi mke wangu akatoka jikoni.

Kilichoniudhi ni uji wa ulezi. Pale kijiweni na hata kwenye benchi la kliniki kila mtu atakuambia uji wa ulezi ndio chakula cha mwenye sukari. Kikombe kikubwa bila sukari hata chembe: kutoka 6.9 hadi 13.2. Nesi wa kliniki alinielewesha. Nafaka ikisagwa laini sana, tena ikapikwa ikawa maji, tumbo halina kazi ya kufanya. Inapita kama mgeni aliyekuta mlango wazi. Punje nzima lazima ibomolewe kidogokidogo. Ulezi hauna kosa, kosa ni mashine ya kusaga na kikombe changu.

Njugu mawe sasa. Mama mkwe wangu wa Magu alikuja kuniangalia, akanikuta mlangoni nimefungwa bandeji. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama mguu, hakusema neno, akaingia ndani akafungua mfuko. Njugu mawe, choroko, kunde, nsansa yake ya majani ya kunde yaliyokaushwa, na mlenda. Kwa siku tisa alizokaa alipika yeye. Njugu mawe zilizochemshwa nzima, bakuli la kutosha mtu mzima, zilinitoa 6.8 zikanifikisha 8.4. Choroko na ugali kidogo: 8.9. Maharage hivyo hivyo. Hizi kunde zote zina wanga wa kutembea polepole, zina protini, zina nyuzinyuzi. Neno hilo la nyuzinyuzi lilinichekesha kliniki, maana nyuzi ndizo kazi yangu. Zipo za aina inayovuta maji ikawa kama ute, ndiyo maana mlenda unateleza na bamia inateleza. Ule ute unakaa tumboni na kuikawiza sukari isiingie kwenye damu kwa mkupuo. Mboga tuliyoiita ya maskini, mboga ambayo nilipohamia mjini niliona aibu kuipika mgeni akija!

Lakini sitasema wazee walikuwa na afya kwa sababu ya mlenda. Nesi yule yule alituambia kwamba watafiti walipopima vijijini miaka ya 1980 mwishoni, walimkuta na kisukari chini ya mtu mmoja kwa kila 100, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ukawakuta 9 kwa kila 100 kati ya watu wa miaka 25 hadi 64. Vijiji na taifa si kipimo kimoja, umri nao si ule ule, ila pengo ni pana. Bibi yangu alikula mlenda, ndiyo, na kabla ya kuula alikuwa ameshalima toka alfajiri na kuteka maji mara mbili. Mimi nakaa kwenye kiti kimoja saa kumi. Mlenda haujui kutembea kwa niaba yangu. Siku hizi nikimaliza kula mchana nashuka kwa miguu mpaka Mwaloni, soko la samaki, na kurudi, na namba ya saa mbili baadaye inapungua, wakati mwingine kwa moja na nusu nzima.

Viazi vitamu vilinipa kazi. Sisi bila viazi ni kina nani? Michembe, matobolwa, viazi vya kukaushwa, hivyo ndivyo vilivyotulea wakati wa ukame. Viazi vya moto toka sufuriani, vitatu: 13.9. Viazi hivyo hivyo vikilala usiku, nikavila kiporo asubuhi: 11.8. Wanga ukipoa, sehemu yake inakakamaa na kuwa ngumu kumeng'enywa, hata ukiupasha tena haurudi wote kama mwanzo. Tofauti si kubwa ya kuvimbia kichwa, ila nilipokula kiazi kimoja cha kiporo na kunde, nikaanza na kunde, mambo yakawa mazuri. Kuanza na mboga na kitoweo, wanga ukaja nyuma, ni jambo jingine nililolijaribu kwa mashaka likanishinda ubishi.

Matunda nitayapita haraka. Embe moja likiwa tunda, sawa. Embe nne zikiwa juisi, hapana. Msimu wa maembe naomba Mungu tu.

Na zile dawa za kijiweni je? Nilizirudia, safari hii nikiwa na ruhusa ya daktari, vidonge vyangu navimeza, na moja baada ya moja. Uwatu niliununua maduka ya viungo kule Makoroboi, mke wangu akauloweka usiku, nikala mbegu zake asubuhi na maji yake. Namba zilishuka kidogo, nilivyoona mimi, na hata uwatu una ute ule ule wa mlenda. Ila tumbo lilijaa gesi, na jasho likanuka utamu wa ajabu. Mteja mmoja akaniuliza, "Fundi, umeanza kuuza pipi humu?" Nikaacha, siku hizi nautia kwenye mchuzi tu.

Karela nilifundishwa na mama mmoja wa Kihindi, mteja wangu wa blauzi kwa miaka mingi. Nilikuwa naikamua juisi, chungu ya kutoa machozi. Alinicheka. "Fundi, nani alikwambia dawa? Hii mboga. Kata, tia chumvi, kamua uchungu, kaanga na kitunguu, weka dengu." Nimekula hivyo tangu siku hiyo, na naipenda. Sukari haishuki kwa karela, inashuka kwa sababu sahani iliyojaa karela na dengu haina nafasi ya ugali mwingi. Binti yangu, ambaye anasomea mambo haya, alinisomea kwamba waliokusanya majaribio ya karela kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 2012 hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba inatibu. Mdalasini nao ulipimwa mwaka huo huo, jibu likawa hilo hilo. Naendelea kuutia kwenye chai isiyo na sukari kwa sababu ni mtamu, basi.

Mwarobaini nimeuacha uwe mti wa kivuli.

Kosa langu la pili lilitokana na kusoma. Binti aliniletea habari ya utafiti wa Marekani, wa daktari Neal Barnard, uliotoka mwaka 2006. Watu 99 wenye kisukari. Nusu wakala vyakula vya mimea tupu visivyo na mafuta mengi, nusu wakafuata mwongozo wa kawaida wa chama cha kisukari cha huko, kwa wiki 22. Kipimo cha HbA1c, kile kinachosoma sukari ya miezi mitatu, kilishuka kwa 0.96 kwa wala mimea na kwa 0.56 kwa wenzao. Asilimia 43 ya wale wa mimea walipunguza dawa, kwa wengine 26. Nilipenda sana habari hii. Nilimwambia mke wangu, kuanzia kesho mimi ni mbuzi.

Fikiria mtu wa Kirumba anayekataa samaki. Harufu ya dagaa inapanda toka Mwaloni inaingia kwenye nguo ninazoshona, wateja wa Dodoma wananilalamikia, na mimi nimekaa nakula choroko. Kijiwe kilinicheka miezi. HbA1c yangu kweli ilishuka, kutoka 8.3 hadi 7.1, na uzito ukapungua, safari hii kwa heri. Glibenklamidi daktari alinipunguzia hadi nusu, kisha akaiondoa. Yeye aliiondoa, si mimi. Tofauti hiyo niliilipia kidole.

Baada ya mwaka na ushee nyayo zikaanza kuwaka moto usiku. Nikasema sukari imerudi. Nikapima, iko sawa. Ganzi ikapanda hadi vifundoni, na nikawa nachoka kwa kazi ndogo. Kliniki daktari aliniuliza nakula nini, nikajibu kwa majivuno, mimea tu. Akaniuliza metformini natumia tangu lini. Kumbe metformini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na vitamini hiyo mboga hazina. Iko kwenye samaki, nyama, maziwa, mayai. Nilikuwa nimeziba mlango wa mbele na wa nyuma. Na B12 ikipungua inaumiza mishipa ya fahamu, ganzi yake huwezi kuitofautisha kwa macho na ganzi ya sukari. Nilichomwa sindano za B12 kwa wiki kadhaa, na nikaambiwa nirudie dagaa.

Siku niliyoshuka Mwaloni kununua dagaa, wale mama wauzaji walinipigia vigelegele. Sijui nani aliwaambia.

Kwenye benchi la kliniki nilikutana na mzee wa Ukerewe, anavuka na meli toka Nansio kila mwezi. Nilimhubiria mboga za majani kama nilivyozoea kumhubiria kila mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Ndugu yangu, mimi figo zimeshaguswa. Nimeambiwa mchicha kidogo, ndizi kidogo, maharage kwa kipimo. Mboga zichemshwe, maji yamwagwe." Potasiamu, madini yaliyomo kwenye mboga hizo, alisema, figo zake haziwezi kuitoa, na ikizidi inasimamisha moyo. Mboga iliyoniinua mimi ingemwangusha yeye. Tangu hapo nauliza kwanza.

Macho yangu yalinishangaza kwa njia nyingine. Sukari ilipotulia, ile miwani ya barabarani ikaacha kunifaa, kila kitu kikawa ukungu. Kumbe sukari ikipanda sana lenzi ya jicho inabadilika, ikishuka inarudi. Nilikuwa nimenunua miwani ya sukari! Sasa uzi naingiza kwa jicho tupu mchana wa jua, na kila mwaka natiwa matone wanatazama nyuma ya jicho. Mguu haujarudi wote. Navaa viatu vya kufunika, nimeweka kioo kidogo chini ya meza ya kukatia, jioni nageuza nyayo nizitazame, na pini zote nimezitia kwenye kopo lenye sumaku. Kopo lenyewe ni lile la pili la unga wa kahawia. Niliona ni ghali mno kulitupa.

Wiki iliyopita alikuja baba mmoja, dereva wa lori la samaki, na suruali ya kaki. "Fundi, nipunguzie tena. Si uliipunguza Septemba?" Anacheka, anajipiga tumbo. "Nimekuwa kijana!" Nikafungua daftari. Septemba kiuno chake kilikuwa inchi 38. Nikazungusha futi: 35. Wakati napima alikuwa ameshikilia chupa kubwa ya maji, na kabla sijaandika namba alikuwa ameimaliza na kuuliza choo kiko wapi.

Aliporudi nilikuwa nimeshafungua droo, mashine ya kupimia iko mezani kando ya mkasi, na sindano mpya ya kutobolea bado imo kwenye pakiti yake.

"Kaa kwanza, kaka," nikamwambia. "Suruali tutaipunguza baadaye. Nipe kidole."

Akavuta kiti.